Mkilua uani: ua la nyumbani, si zao la kukopea

Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Ushirika, Namasakata, Mkoa wa Ruvuma



Katika mikutano ya vyama vya msingi huzungumzwa korosho, ufuta, mbaazi, pembejeo na malipo ya wakulima. Ni mara chache sana mkutano kukaa kuzungumza juu ya ua. Hata hivyo ziko sababu mbili za kulizungumza ua liitwalo kilua, pamoja na mti wake, mkilua. Sababu ya kwanza ni kwamba mmea huu ni adimu, na misitu iliyo makao yake inazidi kupungua. Sababu ya pili ni kwamba kila mmea wenye harufu nzuri, sifa zake zinapoenea, hufuatwa na mchuuzi wa miche mwenye ahadi za utajiri, na fedha anazozitafuta mchuuzi huyo ni zile zile za wanachama.

Kwa hiyo yafaa ifahamike mapema mkilua ni mmea gani, namna ya kuupanda katika bustani ya nyumbani katika nchi kama hii, na mpaka ambao chama hakipaswi kuuvuka.

MKILUA NI MMEA GANI

Mkilua ni kichaka, au mti mdogo, usiopukutisha majani. Masika na kiangazi hukaa na ukijani wake. Asili yake ni misitu na vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania. Katika vitabu vya wataalamu uliingia mwaka 1970, pale Bernard Verdcourt, bingwa wa mimea ya Afrika Mashariki, alipouandika kwa jina la Mkilua fragrans. Neno la kwanza ni la Kiswahili, limechukuliwa kama lilivyotamkwa na wenyeji; la pili ni la Kilatini, na maana yake ni wenye kunukia. Hivyo wataalamu walikuja nyuma. Wanawake wa pwani walikuwa wakiujua mkilua na kuupanda nyumbani zamani sana kabla haujaandikwa.

Mkilua umo katika jamii moja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Yeyote aliyepata kulitazama ua la mstafeli kwa makini hatashangazwa na umbo la kilua: petali zake ni nene, zenye nyama, nazo hupangwa tatu tatu. Lakini jambo la ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu zaidi hawako Afrika. Wako Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari. Mmoja wa ndugu hao hutoa ua ambalo watu wa Meksiko walikuwa wakilikausha na kulitia katika kinywaji cha kakao ili kukipa ladha na harufu, hata kabla Wahispania hawajafika huko. Huku kwetu Afrika mkilua umebaki peke yake. Katika jenasi yake hakuna mwingine. Ukitoweka huu, hakuna wa kuurithi.

Matumizi ya kilua yanajulikana katika mwambao wote wa Waswahili. Ua hili huvaliwa, na hutiwa katika kikuba, yaani kile kifungu kidogo cha maua na majani yanukiayo ambacho wanawake hukivaa, hasa wakati wa harusi na sikukuu. Katika kikuba kilua hukaa pamoja na mrehani, mkadi na asumini. Wanawake wa Kiarabu nao wamelipenda ua hili kama wenzao Waswahili. Basi thamani ya kilua haikuanza kwa tangazo la mfanyabiashara. Ni thamani iliyokaa katika nyumba za watu kwa vizazi vingi.

KWA NINI YAFAA KUPANDWA

Ili faida ya kupanda mkilua ieleweke, hapana budi kuutazama kwanza mti mwingine unaonukia, nao ni msandali wa Afrika Mashariki. Harufu ya msandali haimo katika ua. Imo ndani ya mti wenyewe, na mafuta yake yamo kwa wingi katika shina na mizizi. Kwa sababu hiyo wavunaji wengi hawaukati tu, bali huung'oa pamoja na mizizi yake, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Mwaka 2007 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake. Mwezi Machi mwaka 2013, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Bangkok juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, msandali wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliingizwa katika orodha ya mimea ambayo haiwezi kuuzwa nchi za nje bila kibali maalumu. Hatua hizo zilikuja baada ya milima mingi kupoteza misandali yake.

Mkilua hautoi harufu yake kwa namna hiyo. Anayechuma kilua huchukua ua na kuuacha mti. Kesho mti upo, na mwakani utachanua tena. Kwa hiyo mmea huu hauna ugomvi na mchumaji wake, mradi achume kwa kiasi.

Hatari ya mkilua ni nyingine. Misitu ya pwani, ambayo ndiyo makao yake, imebaki vipande vipande. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya shamba, mkaa au viwanja vya nyumba, mkilua huondoka pamoja na msitu bila mtu yeyote kuukusudia. Mfyekaji huenda asijue kabisa kwamba amekata kitu adimu. Kwake yeye ni kichaka kama vichaka vingine.

Bustani ya nyumbani basi ni ghala la pili. Kama vile mkulima mwenye busara haweki mbegu zake zote katika kibuyu kimoja, ndivyo ilivyo vema mmea adimu uwe na makao zaidi ya mahali pamoja. Lakini lazima isemwe pia kwamba bustani haiwezi kuchukua mahali pa msitu. Miche 20 iliyotoka katika mti mama mmoja ni watoto wa mama mmoja. Ugonjwa unaomwangusha mmoja huweza kuwaangusha wote. Kwa sababu hiyo anayetafuta mbegu azitafute katika mikilua miwili mitatu iliyo mbalimbali, na azitafute katika nyumba za watu wanaoipanda, si kwa kung'oa miche katika msitu wa hifadhi. Kung'oa mmea msituni ili kuuokoa ni kuumaliza kwa jina jingine, na katika misitu ya hifadhi ni kosa la kisheria kwa asiye na kibali.

NAMASAKATA SI PWANI

Mwanachama anayetaka kupanda mkilua na akumbuke kwamba mmea huu ni mgeni hapa. Kwao ni nchi ya chini, yenye hewa nzito ya bahari, na sehemu kubwa ya pwani hiyo hupata mvua za vuli na za masika. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au karibu na hapo. Baada ya hapo ardhi hukauka kwa nusu mwaka mzima. Mkorosho hustahimili ukavu huo kwa sababu mizizi yake huenda chini sana. Mche mchanga wa kichaka cha msituni hauna nguvu hizo.

Kwa ajili hiyo aanze na miche miwili tu, aitazame kwa muda wa viangazi viwili, ndipo aamue kama aongeze. Katika kuchagua mahali, mambo matano ni ya kuangaliwa.

Kwanza, kivuli. Mkilua umezoea kukaa chini ya miti mirefu. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba, ambapo jua la asubuhi hufika na jua kali la alasiri huzuiwa na ukuta, au ukingoni mwa kivuli cha mwembe. Usipandwe karibu mno na shina la mwembe, kwa maana mti mkubwa utaunyang'anya maji.

Pili, maji. Kiangazi ndicho mtihani. Upandwe karibu na bafu au mahali pa kuoshea vyombo, ambapo maji hupatikana kila siku, lakini maji yenye sabuni nyingi yasimwagwe shinani. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuchukua mtungi mkuukuu, kuutoboa tundu dogo chini, kuufukia kando ya mche hadi shingoni, na kuujaza maji kila baada ya siku tatu au nne. Maji hutoka polepole yakafika kwenye mizizi bila kupotea juani.

Tatu, moto. Mioto ya kiangazi huteketeza mengi katika mkoa huu. Sehemu ya kuzunguka mche ifagiliwe majani makavu kwa upana wa hatua tatu au zaidi, na matandazo yawekwe ndani tu ya kisahani cha mche, yasiguse shina.

Nne, wanyama. Mbuzi hachagui mmea adimu na usio adimu. Uzio wa fito au wa miiba ujengwe siku ile ile ya kupanda, si baada ya hasara. Kadhalika mchwa waangaliwe, hasa pale matandazo yanapokuwa mengi.

Tano, salfa. Wakulima wa korosho hupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga. Kilua ni ua la kuvaliwa mwilini na kutiwa nywelani. Usipandwe mahali ambapo unga wa salfa utapeperushwa na upepo na kutua juu ya maua.

KUOTESHA, KUPANDA NA KUCHUMA

Mbegu za jamii hii ya mimea huwa na kiini kidogo sana ndani yake, kwa hiyo huota polepole. Wengi hukata tamaa wakakitupa kiriba kabla ya wakati. Mbegu zitolewe katika matunda yaliyoiva, zioshwe nyama yote itoke, na zipandwe zikiwa bado mpya. Zisiwekwe dirishani zikauke kama mbegu za mahindi. Udongo wa kiriba uwe mchanganyiko wa udongo mweusi wa chini ya miti, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kitalu kiwe na paa la nyasi, na udongo uwe na unyevu siku zote bila kutuama maji. Baada ya hapo kinachotakiwa ni subira ya wiki nyingi, na pengine miezi.

Mche uhamishwe mvua zinapokwisha kushika, si katika manyunyu ya kwanza yanayodanganya. Shimo liwe na upana na kina cha futi mbili, udongo wa juu uchanganywe na samadi, na kiriba kichanwe bila kuvunja udongo wa mizizi. Katika kiangazi cha kwanza mche ujengewe kibanda cha nyasi upande wa jua.

Utakapochanua, maua yachumwe alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Yasichumwe yote. Ua lililochumwa halizai tunda, na bila tunda hakuna mbegu ya kumpa jirani. Ni desturi njema kuacha theluthi ya maua juu ya mti. Mwenye bustani akifanya hivyo, baada ya miaka michache atakuwa na miche ya kugawa, na mkilua utaenea kwa zawadi, nayo ndiyo njia uliyoenea nayo tangu hapo.

MPAKA WA CHAMA

Hapa ndipo Makatibu wanapotakiwa kusikiliza kwa makini zaidi.

Tangu msimu wa mwaka 2007 nchi yetu imekuwa na utaratibu wa stakabadhi ghalani katika zao la korosho. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu ya tabia ya korosho yenyewe. Korosho iliyokauka huweza kupimwa, kupangwa kwa madaraja, kuwekwa ghalani na kungoja mnada. Kilua hakingoji. Ua lililochumwa alfajiri huanza kulegea jua likipanda, na wanunuzi wake wa asili wako pwani, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Wala katika minada ya vyama vikuu hakuna daraja wala bei ya kilua.

Huenda mtu akajibu kwamba maua hukenekwa yakatoa mafuta, na mafuta hayanyauki. Jibu hilo ni la kweli kwa mlangilangi. Visiwa vya Komoro vimejulikana duniani kwa mafuta ya mlangilangi. Lakini huko maua huchumwa asubuhi na kupelekwa mara moja kwenye mitambo ya kukeneka iliyo karibu na mashamba, na wanunuzi wa mafuta wanajulikana. Wanaouza wana mitambo, kuni za kutosha, mafundi, na biashara iliyojengwa kwa miaka mingi. Chama cha msingi kisicho na hata kimoja cha vitu hivyo kisijifananishe na Komoro kwa kuwa tu kimepata miche.

Na ifanywe hesabu ndogo. Mathalani chama kina wanachama 200, na kila mmoja ameshawishiwa kununua miche 10. Hiyo ni miche 2,000. Ikiwa yote itakua, na kila mti ukatoa maua matano tu kwa siku katika majira yake, yatapatikana maua 10,000 kila alfajiri. Nani katika vijiji hivi atayavaa maua 10,000 kabla ya jioni? Na ikiwa kila mwanachama alikatwa shilingi 5,000 katika malipo ya korosho ili kulipia miche hiyo, chama kitakuwa kimetoa shilingi 1,000,000. Mchuuzi atakuwa amekwenda zake na shilingi hizo, na wanachama watabaki na harufu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Historia ya ushirika wa mkoa huu inafundisha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo, kilichoanzishwa Songea mwaka 1936, kilisimama juu ya tumbaku. Kilisimama kwa sababu zao lilikuwa na mnunuzi, lilikaushwa likakaa, na wakulima wengi walikuwa na mzigo wa aina moja wa kuuza pamoja. Mambo hayo matatu ndiyo yanayolifanya zao liwe la ushirika. Kilua hakina hata moja.

Kwa hiyo Makatibu na Bodi wazingatie haya yafuatayo:

(a) Mwanachama asikatwe fedha yoyote katika malipo yake kwa ajili ya miche ya maua au ya mmea mwingine mpya bila uamuzi wa mkutano mkuu ulioandikwa katika muhtasari. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama.

(b) Chama kisikope kwa ajili ya mmea usio na mnunuzi anayejulikana. Ukomo wa madeni ya chama huidhinishwa na Mrajis.

(c) Anayekuja na miche ya kuuza aulizwe maswali matatu mbele ya wanachama: nani ananunua, kwa bei gani, na mkataba wake uko wapi. Majibu yake yaandikwe. Asiyetaka majibu yake yaandikwe amekwisha kujibu.

(d) Wanachama wanaoupenda mkilua kwa ajili ya nyumba zao wanaweza kuungana kwa hiari yao na kuanzisha kitalu kidogo. Chama kinaweza kuwapa sehemu ya kivuli kando ya ghala, mahali pasipoziba njia ya magari. Hesabu za kitalu hicho zisichanganywe na hesabu za chama.

(e) Mtu mmoja katika kitalu hicho atunze daftari la miti mama: mbegu zimetoka kwa nani, lini, na miche imekwenda nyumba ipi. Daftari hilo halina gharama, nalo ndilo litakaloonyesha baada ya miaka 10 kama mmea umedumu au umepotea.

Jambo la mwisho linahusu kina mama. Katika nyumba nyingi mahali penye kivuli na maji nyuma ya nyumba ni mahali pa kazi zao, na kilua tangu asili ni ua lao. Ikitokea mama akauza vikuba vichache wakati wa harusi au Idi, fedha hizo ni zake, kama zilivyo fedha za mayai ya kuku wake. Si ushuru wa chama, wala si haki ya mtu mwingine kuziandikia matumizi. Mume atakayemchimbia shimo na kumjengea uzio atakuwa amefanya lililo zuri.

Basi mkilua upandwe, kwa sababu ni adimu, kwa sababu unadumu ukichumwa, na kwa sababu nyumba yenye harufu nzuri ni jambo jema lisilohitaji bei ya soko. Upandwe miwili miwili, kivulini, karibu na maji. Mikorosho nayo ipaliliwe kwa wakati wake, kwani ndiyo inayolipa ada za shule. Mwenye kuvitunza vyote viwili, kila kimoja mahali pake, hatakuwa na haja ya kumsikiliza mchuuzi.

Ndugu Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mkutano wa wanachama, na kuyabandika katika ubao wa matangazo wa chama kabla mvua hazijaanza.